Mkanda wa Presha na Kijiti cha Chuma





Majuma machache yaliyopita Halmashauri ya Walei ya parokia yetu ilipokea ombi la vijana wawili nadhifu, wenye lugha laini, walioomba kukaa uwanjani baada ya Misa ili wawapime waamini "mwili mzima". Kifaa chao ni kijiti cha chuma ambacho mtu hukishika kiganjani kwa dakika moja hivi, kisha kompyuta hutoa kurasa za majibu juu ya ini, figo, mifupa, ubongo na, jambo lililowavutia wengi, hali ya mishipa ya damu ya moyo. Bei ya kipimo ni ndogo. Bei ya vidonge vya lishe vinavyouzwa mara tu majibu yakisomwa si ndogo hata kidogo. Baada ya kushauriana na madaktari na wauguzi tulio nao parokiani, nililikataa ombi hilo. Baadhi yenu mmenung'unika, na mzee mmoja ninayemheshimu sana ameniuliza kwa uchungu kama Padre hapendi watu wake wajue afya zao. Swali lake linastahili jibu refu kuliko tangazo la dakika mbili baada ya Komunyo.

Napenda mpimwe. Napenda hata kuliko vijana hao, kwa maana wao wataondoka na mkoba wao, nami nitabaki kuitwa usiku kuwapaka mafuta matakatifu watu ambao ulimi umekwisha kuwa mzito na upande mmoja wa mwili umepooza. Mara nyingi nimetoa Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa kwa mtu aliyepatwa na kiharusi, na jamaa zake huniambia neno lile lile: jana alikuwa mzima kabisa, alitoka shambani kwa miguu yake. Alionekana mzima. Ndani yake huenda mishipa ilikuwa inaugua kwa miaka ishirini, bila mtu yeyote kuitazama.

Mishipa inayochukua damu kutoka moyoni, ambayo wataalamu huiita ateri, kwa asili ni laini na yenye kunyumbulika kama mpira mpya. Presha ikikaa juu kwa muda mrefu, au pakiwapo kisukari, sigara na mafuta mabaya mengi katika damu, utando wa ndani hujeruhika, mafuta hujipenyeza katika ukuta wa mshipa, baadaye chokaa hujijenga humo, na njia ya damu huwa nyembamba na ngumu. Kazi hiyo yote hufanyika kimyakimya. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti za wanajeshi 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, vijana waliokwisha kuonekana wanafaa kwa vita. Hata hivyo takribani 77 katika kila mia walikutwa na dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo. Hakuna aliyekuwa amelalamika kifua.

Wapo wasemao kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na ya wakubwa wenye magari. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya watafiti waliopitisha maiti za kale 137, zilizokauka, katika mashine ya CT: maiti kutoka Misri, Peru, na kutoka kwa wenyeji wa kale wa Amerika ya Kaskazini, wakiwamo wawindaji wa visiwa vya Aleuti. Maiti 47 kati ya hizo zilikuwa na dalili za mishipa kukakamaa. (Hao walipimwa bila kukatwa wala kufunguliwa sanda, na sidhani kama yupo aliyelalamikia foleni.) Wala hatuna haja ya kwenda Misri. Hapa hapa nchini, kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti walihesabu kwa uangalifu viharusi vilivyotokea wilayani Hai na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na viharusi vipya takribani 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango kinachofanana na cha nchi tajiri; Dar es Salaam ilikuwa na takribani 316, kiwango kinachozidi kile cha tafiti nyingi za nchi hizo tajiri. Ninyi wa mlimani mnaopeleka watoto mjini kutafuta maisha, zitazameni namba hizo mbili kwa makini.

Kiharusi hakichagui cheo pia. Baba Mtakatifu Fransisko aliyeitwa na Mungu tarehe 21 Aprili 2025, akiwa na umri wa miaka 88, alifariki kwa kiharusi, na cheti cha kifo chake kilitaja presha na kisukari miongoni mwa maradhi aliyokuwa nayo. Nasema hayo kwa sababu bado nasikia katika misiba yetu watu wakinong'ona kwamba fulani "ametupiwa kitu" au "amepigwa na jini", na familia inagawanyika mbele ya jeneza ikimtafuta mchawi. Jirani aliyesingiziwa uchawi kwa sababu ya mshipa uliopasuka ametendewa dhuluma, na dhuluma hiyo ni dhambi inayodai toba na malipizi.

Sasa tuje kwenye vipimo. Inanifurahisha kidogo kwamba mtu wa kwanza kujulikana kupima mgandamizo wa damu ndani ya mshipa alikuwa mchungaji wa parokia, ingawa si wa Kanisa letu: Stephen Hales, Mwanglikana wa Teddington karibu na London. Alimfunga farasi jike, akamlaza, akaingiza bomba la shaba katika mshipa wake, akaunganisha bomba la kioo, naye akashuhudia damu ikipanda hadi futi 8 na inchi 3. Alichapisha habari hizo mwaka 1733. Ni kipimo sahihi ambacho hakuna mwanadamu angekubali kufanyiwa. Ilipita zaidi ya miaka 160 kabla Scipione Riva-Rocci, daktari Mwitalia wa mji wa Torino, hajatengeneza mwaka 1896 mkanda wa mpira unaozungushwa mkononi na kujazwa upepo mpaka mapigo yanyamaze, urefu wa zebaki ukisomwa pembeni. Mwaka 1905 daktari Mrusi Nikolai Korotkov akaonesha kwamba ukisikiliza mshipa chini ya mkanda wakati upepo unatolewa, utasikia sauti zinazoanza na kukoma, na hapo ndipo namba mbili za presha zinapopatikana. Tangu wakati huo hakuna haja ya kisu, sindano wala tone la damu.

Angalieni tofauti hapo. Mkanda hupima mgandamizo. Altrasaundi ya mishipa ya shingo hutuma mawimbi ya sauti na kusoma mwangwi wake. CT hupima miale iliyopita mwilini. Kila kipimo cha kweli kinapima kitu kinachoweza kutajwa, na kikirudiwa kwa mtu yule yule, kwa hali ile ile, kinatoa majibu yanayokaribiana. Kijiti cha chuma kilichoshikwa kiganjani hakina njia yoyote inayojulikana katika sayansi ya kuona ukuta wa mshipa wa moyo. Maneno kama "kwantamu" na "sumaku" yanayoandikwa juu ya kurasa zile ni mapambo. Vijana wale huenda wanaamini wanachokiuza, nami siwahukumu mioyo yao. Lakini uwanja wa kanisa unakipa kitu chochote kinachowekwa hapo heshima ambayo hakikuichuma, na mjane atakayeacha vidonge vya hospitali ili anunue chupa ya lishe atakuwa ameuamini mnara wa kengele kuliko chupa yenyewe.

Mkanda wa presha, kinyume chake, ni kifaa duni machoni petu kwa sababu tumeuzoea. Lakini mkitaka kujua dalili za mapema za ugonjwa wa mishipa, huo unasema mengi, hasa ukitumiwa kwa adabu. Mtu akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini bila kukunjwa, atulie dakika tano, asizungumze. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia, na awe amekwenda haja ndogo. Mkono uegemezwe usawa wa moyo, mkanda uwekwe juu ya ngozi, si juu ya nguo. Mama zangu wa WAWATA mtanisamehe, lakini sare zenye mikono ya kubana tutaziacha nyumbani siku hiyo. Mkanda uliotengenezwa kwa mkono mwembamba, ukifungwa kwenye mkono mnene, hudanganya kwa kutoa namba kubwa kuliko ilivyo. Na namba moja ya siku moja haimhukumu mtu: ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, hupimwa tena siku nyingine, maana wapo ambao presha hupanda kwa kumwona tu mtu mwenye koti jeupe.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nami nililijua kwa kuambiwa na wauguzi. Mara ya kwanza, pima mikono yote miwili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kwamba tofauti ya milimita 15 za zebaki au zaidi kati ya mkono na mkono, katika namba ya juu, inaambatana na ugonjwa wa mishipa. Kipimo hicho hakiongezi gharama hata senti moja, ila dakika chache za subira.

Kisha kuna mguu. Tangu mwaka 1950, Travis Winsor alipoeleza jambo hili, madaktari wamekuwa wakipima presha kwenye kifundo cha mguu na kuilinganisha na ya mkono. Kwa mtu mzima mwenye mishipa mizuri, namba ya juu ya mguuni hulingana na ya mkononi au huizidi kidogo. Ikiwa mkononi ni 140 na mguuni ni 112, gawanya: utapata 0.8. Chini ya 0.9, au 0.9 yenyewe, ni ishara kwamba njia ya damu kwenda mguuni imebanwa, ikizidi 1.4, mshipa umekakamaa kiasi cha kukataa kubanwa na mkanda, jambo linaloonekana kwa baadhi ya wenye kisukari cha muda mrefu. Kinachohitajika ni mkanda na kifaa kidogo cha mkononi kiitwacho dopla, kinachosikiliza mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti. Na mguu ni shahidi wa mwili mzima: tafiti zilizounganishwa mwaka 2008 zilionesha kwamba wenye kipimo cha 0.9 kushuka chini walikuwa katika hatari ya kufa takribani mara mbili ya wenzao wa umri huo. Basi baba yangu unayesimama kila baada ya hatua mia kwa sababu shavu la mguu linauma, na ukipumzika linaacha, usiuite uzee. Nenda hospitali ukaombe kupimwa mguu. Vivyo hivyo mwenye kisukari mwenye kidonda cha kidole kisichopona.

Hapa naomba mnivumilie, maana mwenye shauku ya vipimo anaweza kudhani kwamba kila kipimo cha kweli kinamfaa kila mtu. Sivyo. Jopo la wataalamu wa Marekani linaloshauri juu ya uchunguzi wa kinga limerudia mwaka 2021 ushauri wake kwamba watu wazima wasio na dalili wasipimwe mishipa ya shingo kwa altrasaundi, kwa kuwa madhara ya kufuatilia majibu yasiyo sahihi, na upasuaji unaofuata, yanazidi faida. Juu ya kipimo cha mguu kwa wasio na dalili, mwaka 2018 lilisema ushahidi hautoshi kuamua upande wowote. Lakini juu ya kupima presha kila mtu mzima kuanzia miaka 18, halina shaka. Huko Denmark walijaribu kwa upana: wanaume takribani 50,000 wa umri wa miaka 65 hadi 74 waligawanywa kwa kura, nusu wakaalikwa kupimwa mshipa mkuu wa tumboni, mishipa ya miguu na presha. Matokeo ya mwaka 2017 yalionesha vifo kupungua kwa asilimia 7 katika kundi lililoalikwa. Jaribio jingine la huko huko, lenye vipimo vingi zaidi ikiwamo CT ya moyo, lilitoa matokeo mwaka 2022, na upungufu wa vifo ulikuwa mdogo kiasi kwamba haukuweza kuthibitishwa. Kwa hiyo mfadhili atakayetaka kutuletea mashine kubwa nitamshukuru, kisha nitamwomba fedha hizo zinunue dawa.

Kwa nini dawa? Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kanuni kumi za Wilson na Jungner kuhusu uchunguzi wa maradhi, na miongoni mwake ni kwamba pawepo tiba inayokubalika kwa watakaogundulika, na mahali pa kuipatia. Bwana wetu alipozungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara na kuketi kwanza ahesabu gharama, katika Injili ya Luka sura ya 14, alitufundisha jambo la ufuasi, lakini nadhani hatakasirika nikilitumia hapa. Kumwambia mtu kwamba presha yake ni 190, kisha kumwacha arudi nyumbani na hofu, ni kumtwisha mzigo bila kumpa kidole cha msaada. Takwimu za Shirika hilo zilizotolewa mwaka 2021 zilikadiria kwamba watu wazima bilioni 1.28 duniani wana presha; asilimia 46 hawajui, na ni mmoja tu kati ya watano ambaye presha yake imedhibitiwa. Tazameni jinsi wengi wanavyopotea hata baada ya kujua.

Wanapotelea wapi? Wengine kwenye mfuko usio na fedha. Wengine wanameza vidonge mwezi mmoja, wanajisikia vizuri, wanaacha. Wengine, na hili linanigusa kama mchungaji, wanatoka kwenye mkesha wa maombi wakiwa wameambiwa wamepona na wanatupa dawa. Mnakumbuka mwaka 2011, maelfu walivyomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500, wenye presha na kisukari wakiwamo. Sitaki kuwacheka, aliyekwenda kule alikwenda kwa sababu alikuwa anateseka. Lakini msimamo wangu ni huu, nami ninawaambia hata ndugu zetu wa Karismatiki: ombeni, wekeni mikono, lieni mbele ya Ekaristi, na vidonge vimezwe. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamweka Mungu, sala, daktari na dawa katika sehemu moja bila kuona mgongano wowote. Anayeamini ameponywa na arudi akapimwe. Muujiza wa kweli hauogopi mkanda.

Bado kuna wanaume. Kina mama hupimwa wanapokuwa wajawazito, hivyo angalau mkanda wanaujua. Wanaume wetu hukaa chini ya mti hadi tangazo la mwisho, kisha huelekea kwenye mbege. Nimevutiwa na jaribio lililochapishwa mwaka 2018, lililofanyika Los Angeles katika vinyozi 52 vya Wamarekani weusi. Wanaume 319 wenye presha ya juu waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilishauriwa na kinyozi kwenda kwa daktari. Kwa lingine, mfamasia alikuja kinyozini, akapima na kutoa dawa pale pale kwa makubaliano na daktari. Baada ya miezi sita, kundi la kwanza lilikuwa limeshuka kwa takribani milimita 9, la pili kwa 27. Ushauri mwema ulifanya kazi kidogo. Kumfuata mtu alipo, na dawa mkononi, kulifanya kazi mara tatu. UWAKA, nadhani mmenielewa.

Nimekubaliana na Halmashauri kwamba tutaanza Dominika ya tatu ya mwezi ujao, baada ya Misa ya pili, katika ukumbi na si uwanjani, ili watu wakae na watulie. Wapimaji ni wauguzi wetu na masista wa zahanati. Mashine mbili zenye mikanda ya saizi tatu zimekwisha kununuliwa kwa mchango wa jumuiya. Mikono yote miwili itapimwa. Kila mmoja ataondoka na kadi yake yenye namba na tarehe ya kurudi, na majibu ni siri yake. Sitaki kusikia namba ya mtu ikitajwa kwenye jumuiya, hata kwa nia ya kumwombea. Watakaohitaji kupimwa mguu watapewa barua ya hospitali. Kwa wasio na uwezo wa dawa, sehemu ya sadaka ya kapu la maskini imetengwa kwa miezi sita ya kwanza, na baada ya hapo tutaketi tena kuhesabu, kwa maana sijui bado kama itatosha. Atakayekuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti ni paroko wenu, na kahawa itagawiwa ukumbi wa pili, kwa waliokwisha kupimwa tu.